TUTENGENEZE KIOO, TUONE PICHA NZIMA

Masomo ya kusoma nyumbani: Marko 8:22-25, 1 Samweli 1:9-18, Yoshua 22:9-34, 1 Wakorintho 13:9-12 na 14:29.



Katika ukurasa huu tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watashangaa kulikuta katika gazeti la kanisa, yaani namna ya kutengeneza picha ya televisheni ili ionekane nzima. Msicheke. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, kwa chachu, kwa taa na kwa wavu wa samaki, vitu ambavyo watu wa wakati wake walivishika kila siku. Katika nyumba nyingi za Goma, toka Himbi mpaka Ndosho, toka Birere mpaka Majengo, televisheni iko. Na kama haiko kwetu, iko kwa jirani, na watoto wetu wanakwenda kuitazama huko. Makanisa mengi nayo yametundika kioo kikubwa ukutani, ili waamini wasome maneno ya nyimbo na mistari ya Biblia. Basi chombo hiki kiko katikati yetu. Tujifunze kukitumia vizuri, nacho kitufundishe.

Neno tunalotaka kulisema ni hili: mara nyingi picha inatumwa nzima, lakini kioo kinaikata, na yule anayetazama hajui kama imekatwa. Neno hili linagusa kanisa letu kuliko makanisa mengine, kwa sababu sisi ni watu wa maono. Na katika mji wetu kuna watoto wanaolala nje kwa sababu mtu aliona kipande cha picha akadhani ameiona nzima.

1. KWA NINI TELEVISHENI INAKATA PICHA

Wazee wanakumbuka televisheni za zamani, zile nzito zenye mgongo mrefu. Ndani yake mlikuwa na bomba la kioo, na nyuma ya bomba mshale wa umeme uliokuwa ukichora picha mstari kwa mstari. Mshale ule haukuweza kusimama sawasawa pale kioo kinapoishia. Umeme ukipungua, picha ilisinyaa kidogo, ukizidi, ilipanuka. Tena kingo za picha zilikuwa chafu, hazikunyooka. Basi watengenezaji wakafanya hivi: wakaipanua picha kupita kiasi cha kioo, ili kingo zake zijifiche nyuma ya fremu na mtazamaji asione uchafu ule. Wale wa vituo vya televisheni walijua jambo hili. Ndiyo maana walifundishwa kuweka maandishi na nyuso za watu mbali na ukingo.

Baadaye zikaja televisheni bapa, hizi tunazozitundika ukutani. Hizi hazina mshale wala bomba, zinaweza kuonyesha picha mpaka nukta ya mwisho. Lakini desturi ya zamani ilibaki. Televisheni nyingi mpya, zikitolewa katika sanduku, bado zinaipanua picha na kuzikata kingo zake, ingawa sababu ya kufanya hivyo imekwisha.

Tufanye hesabu. Televisheni ikikata sehemu 5 kwa 100 ya upana, na sehemu 5 kwa 100 ya urefu, kinachopotea ni karibu sehemu 10 kwa 100 ya picha yote. Yaani kioo kinatoza fungu la kumi, na hakuna Maandiko yaliyokiagiza kutoza.

Jambo la pili ni umbo. Picha za zamani zilikuwa na umbo la 4 kwa 3, karibu na mraba. Picha za sasa zina umbo la 16 kwa 9, ni pana. Ukichukua picha ya zamani ukailazimisha kujaza kioo kipana, mambo mawili yanaweza kutokea. Ama itavutwa pembeni, na kila mtu ataonekana mnene kuliko alivyo kwa theluthi moja, hata yule aliyefunga siku tatu. Ama itakuzwa mpaka ijaze, na hapo robo nzima ya picha itapotea juu na chini. Ndipo unaona muhubiri asiye na utosi na kwaya isiyo na miguu.

Mtu atasema: kingo zina maana gani? Aliye katikati tunamwona, yatosha. Hapana, ndugu. Mara nyingi jambo la maana linaandikwa pembezoni: saa, jina la kituo, jina la anayesema, na habari zinazopita chini. Tukumbuke mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na asubuhi ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akatangaza kwamba watu wa mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya mji wahame. Siku ya namna hiyo, majina ya mitaa yakiandikwa chini ya kioo, na kioo chako kikaukata mstari wa mwisho, je, utajua kama mtaa wako umo? Utabaki nyumbani mahali pa hatari, au utabeba watoto na godoro kwenda Sake bila kuambiwa. Uso wa msemaji uliuona vizuri sana, lakini neno lililokuhusu hukulisoma.

2. NAMNA YA KUITENGENEZA

Sasa tuseme kazi yenyewe, ili kila mtu aweze kuifanya, hasa vijana wanaoshika kompyuta ya kanisa.

Kwanza, usiguse kitu mpaka umejua kasoro ni ipi. Tafuta picha ambayo unaijua tayari. Tazama kitu cha mviringo, kama saa ya ukutani au mpira: kikiwa kama yai, umbo limeharibika. Tazama maandishi ya chini na alama ya kituo kule pembeni: kama herufi zimekatwa, kingo zimekatwa.

Pili, chukua rimoti, yaani telekomandi. Tafuta kitufe kilichoandikwa ASPECT, P.SIZE, FORMAT au ZOOM. Kila ukikibonyeza, umbo linabadilika. Kwa picha pana za sasa chagua 16:9. Kwa video za zamani za harusi na za mikutano chagua 4:3. Usiache kwenye ZOOM, kwani huko ndiko vichwa vinakokatwa.

Tatu, kama kingo bado zimekatwa, ingia katika menyu ya picha. Kila kampuni ina neno lake. Katika televisheni nyingi za LG neno hilo ni Just Scan, katika za Samsung za miaka iliyopita ni Screen Fit. Zingine zimeandika Overscan, na hapo inafaa kuchagua Off. Maana ya yote ni moja: onyesha picha kama ilivyotumwa, usiipanue.

Nne, kama haijatengenea, kasoro haiko kwa kioo peke yake. Tazama anayetuma. Dekoda ina menyu yake, deki ya DVD ina menyu yake, kompyuta vilevile. Kila moja inakuuliza televisheni yako ni ya 4:3 au ya 16:9. Ukijibu vibaya huko, hata kioo kizuri kitaonyesha vibaya. Anayetuma na anayepokea wapatane. Tena ujue kwamba televisheni nyingi zinakumbuka kila mlango peke yake: uliyoitengeneza kwa dekoda haijatengenea kwa kompyuta iliyochomekwa upande wa pili. Ndiyo maana kanisani nyimbo zinaonekana nzima leo, na kesho kijana akibadilisha waya, mstari wa mwisho unapotea na watu wananyamaza katikati ya ubeti.

Tano, usifungue mgongo wa televisheni. Zile za zamani zinaweka umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa, na umeme huo unaua. Kazi hiyo ni ya fundi. Kazi yetu sisi ni ya telekomandi tu.

3. UKANDA MWEUSI SI KASORO

Kuna jambo moja linalowasumbua watu. Ukiweka video ya zamani katika umbo lake la haki, pembeni kushoto na kulia kunabaki ukanda mweusi. Watu wanakasirika. Wanasema tumenunua kioo kikubwa kwa dola nyingi, kwa nini sehemu iwe nyeusi? Wanachukua telekomandi, wanakuza picha mpaka kioo kijae, nao wanafurahi. Lakini waliyoyapata ni nini? Hawakuongeza kitu. Wamekata robo ya picha ili weusi usionekane.

Tusikilize vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo mafundisho yetu yalipo. Ukanda mweusi unasema kweli. Unasema: mahali hapa hapakutumwa kitu. Kioo kilichojaa kwa kukuza kinadanganya, kwa sababu kinaonyesha kana kwamba kimepokea picha ya kukijaza. Heri kioo chenye ukanda mweusi na picha nzima, kuliko kioo kilichojaa na picha iliyokatwa.

4. SISI NASI NI VIOO

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kujua kwetu ni kwa sehemu, na kutoa unabii kwetu ni kwa sehemu. Hakusema hivyo juu ya wapagani, wala juu ya manabii wa uongo. Alisema "sisi", akajiweka ndani yeye mwenyewe, mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu. Tena katika sura ya 14 anaagiza manabii wawili au watatu waseme, na wengine wapime. Kwa nini kupima, kama kila aonaye anaona yote? Ni kwa sababu Mungu anatuma picha nzima, lakini kioo kinachopokea ni mtu, na mtu ana hofu yake, ana njaa yake, ana ugomvi wake na jirani. Vitu hivi vinakuza katikati na kukata pembeni.

Tumtazame kuhani Eli. Alikaa penye mlango wa hekalu, mtumishi wa Mungu wa miaka mingi. Akamwona mama mmoja, midomo yake inatikisika na sauti haisikiki. Aliyoyaona yalikuwa kweli, midomo ilitikisika. Lakini hakuona miaka ya machozi, hakuona mke mwenzake aliyemchokoza, hakuona nadhiri iliyokuwa moyoni. Akatoa hukumu: huyu amelewa. Hana akamjibu kwa heshima, akamweleza yaliyokuwa pembezoni. Na hapa tumsifu Eli, kwani hakushupaza shingo. Alibadili neno lake palepale, akambariki. Baadaye akazaliwa Samweli, naye akawa mwonaji mkubwa katika Israeli. Fikirini, ndugu: kama Eli angewaita vijana wamtoe mama yule nje, angemfukuza mama wa nabii.

Tumtazame na yule kipofu wa Bethsaida. Bwana alimgusa, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Akajibu kwamba anaona watu, lakini wanaonekana kama miti inayotembea. Tunampenda mtu huyu kwa sababu alisema kweli. Wengi wetu tungeona haya. Tungesema: ndiyo, Bwana, naona vizuri kabisa, ili tusionekane watu wa imani ndogo. Au tungetoka mbio kuutangazia mji kwamba miti imeanza kutembea. Yeye alionyesha ukanda wake mweusi: mpaka hapa naona, zaidi ya hapa sioni vizuri. Ndipo Bwana akamgusa mara ya pili, akaona kila kitu wazi. Kama angesema uongo baada ya mguso wa kwanza, pengine angekaa na miti yake mpaka kufa.

5. JUU YA WATOTO WANAOITWA WACHAWI

Sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike, na tunaomba kila baba na kila mama asome mpaka mwisho.

Mnajua inavyokuwa. Nyumbani kuna shida. Baba amekosa kazi, mtoto mchanga amefariki, mama anaumwa na dawa hazimsaidii. Watu wanakwenda kwenye maombi. Katika mkesha mwonaji anaona sura ya mtoto. Anasema: nimemwona kadogo wenu katika giza. Yatosha. Usiku uleule mtoto anaanza kuulizwa maswali, asubuhi ananyimwa chakula ili akiri, baada ya wiki yuko sokoni au barabarani, katika wale tunaowaita maibobo. Na mtoto aliyepigwa na kushindishwa njaa atakiri lolote unalotaka, hata kwamba anaruka usiku kwenda ng'ambo.

Hatusemi kwamba mwonaji hakuona kitu. Pengine sura ya mtoto aliiona kweli. Swali letu ni moja tu: kando ya sura ile kulikuwa na nini? Giza lile aliloliona, je, ni giza analolifanya mtoto, au ni giza analofanyiwa? Pengine Mungu alimwonyesha mtoto yule ili tumwokoe, nasi tukachukua fimbo.

Tazameni ni watoto gani wanaoshtakiwa. Mara nyingi ni yatima. Ni mtoto wa mke wa kwanza. Ni mtoto aliyeletwa toka Masisi au Rutshuru kwa sababu ya vita, akawekwa kwa shangazi ambaye chakula chake hakiwatoshi hata wa kwake. Ni mtoto mwenye kifafa, au mwenye kigugumizi, au mwenye akili nyingi anayejibu wakubwa. Mara chache sana ni yule anayeletewa sare mpya na wazazi wake wawili. Je, uchawi unachagua maskini peke yao? Au ni kioo chetu kinachokata upande mmoja tu?

Tupanue macho kidogo. Mtoto anakojoa kitandani: pembeni ya picha kuna milio ya risasi aliyoisikia, au mbio za Mei 2021 ambamo watoto wengi walitengana na wazazi wao. Mtoto anapiga kelele usiku: pembeni kuna maiti alizoziona njiani mwezi wa Januari 2025. Mtoto anaanguka na kutoa povu: pembeni kuna ugonjwa wenye jina na wenye vidonge vyake hospitalini. Mtoto anakula sana: pembeni kuna minyoo, au kuna siku mbili alizokaa bila kula. Biashara ya baba imeanguka: je, ni mtoto wa miaka saba aliyefunga mabenki na uwanja wa ndege wa Goma mwaka 2025?

Tena kuna sheria, na Mkristo asiseme hakuijua. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na kuliweka jambo hilo pamoja na kumtupa na kumtesa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inaliadhibu kwa kifungo katika kifungu chake cha 160. Lakini hata kama sheria hizi zisingekuwapo, lipo neno la Bwana juu ya mtu anayemkosesha mmoja wa wadogo hawa, na juu ya jiwe la kusagia na kilindi cha bahari. Ziwa letu la Kivu nalo lina kilindi.

6. WENGINE WATASEMA

Wengine watasema: hawa mashemasi wanataka kumzima Roho, wanataka kanisa letu liwe kama yale yasiyo na manabii. Sivyo. Yule anayetengeneza kioo hazimi kituo. Kituo kinaendelea kutuma kama kawaida. Yeye anaondoa tu kile kinachoikata picha, na baada yake picha ni kubwa zaidi. Paulo huyohuyo aliyewaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, aliwaambia papo hapo wayajaribu mambo yote. Maagizo haya mawili ni ya mtu mmoja, katika barua moja. Anayechukua la kwanza na kuacha la pili, naye amekata picha.

Wengine watasema: lakini hatari ni kubwa, tukichelewa mchawi atatumaliza. Wasome Yoshua sura ya 22. Makabila ya ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu kubwa. Habari ikafika kwa ndugu zao, nao wakakusanyika Shilo tayari kwa vita, kwani waliona kuwa hiyo ni ibada ya sanamu na hasira ya Mungu itawafikia wote. Madhabahu ilikuwapo kweli. Lakini kabla ya kupiga, walimtuma Finehasi na wakuu kumi waende kuuliza. Wakaambiwa: hatukuijenga kwa sadaka, tumeijenga iwe ushahidi kwamba sisi nasi ni wa Bwana. Vita ikaisha kabla ya kuanza. Safari ile iliokoa Israeli damu ya ndugu. Sisi tunaoijua vita, tunajua safari ya namna hiyo ina thamani gani.

7. MAMBO TUNAYOWAOMBA

Basi, wapendwa, tunawaomba mambo matano.

La kwanza: maono yanayotaja mtu yasitangazwe mbele ya watu kabla ya kupimwa na mchungaji na waonaji wengine wawili au watatu, kama Mtume alivyoagiza. Jina la mtoto lisitajwe kabisa hadharani.

La pili: anayepima aulize pande nne za picha. Juu: nani anamlea mtoto huyu, na wazazi wake wako wapi? Chini: analala wapi na anakula nini? Kushoto: mwalimu na jirani wanasema nini? Kulia: muuguzi amemwona? Aseme kwa upole: "Mama mwonaji, tumesikia uliyoyaona. Kando yake uliona nini?" Na mwonaji asichukie akiulizwa.

La tatu: mahali ambapo mwonaji hakuona, aseme sikuona. Aache ukanda mweusi pale. Asiongeze kwa kukisia ili waliofunga safari toka mbali wasirudi mikono mitupu. Hakuna atakayemdharau kwa neno hilo. Tutamwamini zaidi.

La nne: mtoto asinyimwe chakula wala usingizi kwa jina la maombi. Asipigwe, asifungwe, asitiwe pilipili machoni wala kunyweshwa kitu. Kufunga ni sadaka ya mtu mzima aliyeitoa kwa hiari, na mtoto aliyelazimishwa hatoi sadaka, anateswa. Anayeona hayo yakitendeka katika nyumba au katika chumba cha maombi, chochote kile, aje kwetu mashemasi mchana au usiku.

La tano: kama kuna mtoto ambaye tayari ametoka nyumbani kwako kwa neno la namna hii, usingoje mkutano wala barua. Nenda ukamtafute. Uende na shangazi yake, au na mama mmoja wa kanisa ambaye mtoto anamwamini, kwani akikuona peke yako atakimbia. Kama nyumba bado si salama, tutakaa pamoja na mchungaji na familia, na kuna mama waliokubali kumpokea mtoto kwa siku chache mpaka mambo yatengenee. Mpeni chakula kwanza. Maswali baadaye, au yasiwepo.

Na wewe mtoto unayesoma ukurasa huu, au unayesomewa, ujue kwamba Mungu aliyekuumba anakuona mzima. Macho yake hayana ukingo. Wakubwa wanaweza kukuona kwa sehemu, yeye hajakukata hata kidogo. Mlango wa kanisa ni wako.

TUOMBE

Bwana, wewe uliyemgusa kipofu wa Bethsaida mara ya pili, utuguse na sisi. Mara ya kwanza ulitupa kuona, nasi tukafurahi, tukadhani kazi imekwisha. Tazama, bado tunawaona watu kama miti, na wengine tumewakata kama miti. Uwarudishe watoto waliotoka. Uwape waonaji wetu ujasiri wa kusema tulichokiona ni hiki, na hapa hatukuona. Uwape wazazi subira ya kuuliza kabla ya kuinua mkono. Uulinde mji wetu, mlima wake, ziwa lake na watu wake wote. Amina.

Ndugu zenu mashemasi.